Derek Bryceson
Derek Bryceson (1922 – 1980) alikuwa mwanasiasa wa Tanzania mwenye asili ya Uingereza. Alizaliwa nchini China. Baada ya kuumia akiwa rubani katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alihamia Afrika ya Mashariki, akawa mkulima.

Aliunga mkono TANU na kuwa waziri katika serikali ya Julius Nyerere. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wagombea wawili wa TANU walishindana karibu katika kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine nyumba. Waziri Paul Bomani alishindwa, lakini Bryceson, Mzungu katika jimbo la Dar es Salaam lenye wapiga kura wengi Waafrika, alirudishwa bungeni kwa kura nyingi sana.

Baadaye aliongoza Hifadhi za Taifa, akamwoa mtafiti wa sokwe Jane Goodall. Alifariki kwa saratani.