Mtu Mwenye Makaburi Mawili

Kila mtoto wa Kindu anaujua mto Lualaba. Huvuka kwa mtumbwi, hula samaki wake, hufua nguo zake ukingoni. Lakini kabla ya kufika Kindu, maji yale yamekwisha kupita Nyangwe, mahali palipokuwa na soko kubwa zamani. Katika mwaka 1871 Mzungu mmoja alikaa Nyangwe miezi kadhaa. Jina lake David Livingstone. Mtu huyo ana makaburi mawili: moja katika mji mkubwa wa London, na jingine katika pori la Zambia. Sikilizeni sasa habari za maisha yake, mjue sababu.

Livingstone alizaliwa mwaka 1813 katika kijiji cha Blantyre, nchi ya Scotland. Wazazi wake walikuwa maskini. Alipopata miaka 10 aliingia katika kiwanda cha nyuzi za pamba, akafanya kazi tangu saa kumi na mbili asubuhi hata saa mbili usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha kujifunzia Kilatini. Jioni, baada ya kazi, alikwenda shule. Hivyo kidogo kidogo akaendelea hata akawa mganga, na mwishoni mwa mwaka 1840 alisafiri kuja Afrika kuwa mmisionari. Hakuwa Mkatoliki, alikuwa Mprotestanti.

Mwaka 1844, katika Afrika ya kusini, simba alimrukia na kumkamata begani. Wenzake walimwokoa, lakini mfupa wa mkono wake wa kushoto ulivunjika, ukaunga vibaya. Kumbukeni mfupa huo, tutauona tena.

Livingstone hakupenda kukaa mahali pamoja. Alitembea miaka mingi kwa miguu. Alivuka Afrika toka Luanda, pwani ya magharibi, hata Quelimane, pwani ya mashariki. Mke wake, Mary, alifuatana naye katika safari nyingine, akafa kwa homa mwaka 1862. Akazikwa Shupanga, kando ya mto Zambezi.

Mahali pengi alipopita, Livingstone aliona jambo moja lililomhuzunisha: watu wamefungwa minyororo na miti shingoni, wanapelekwa pwani kuuzwa kama mbuzi. Aliandika habari hizo ili watu wa Ulaya wazijue.

Mwaka 1871 alifika Nyangwe. Alitaka mitumbwi apate kuufuata mto Lualaba, kwa maana alidhani labda huo ndio mwanzo wa mto Nili. Watu wa mto hawakumpa mitumbwi. Walimwogopa, wakidhani kwamba yeye naye ni mfanya biashara ya watumwa. Basi alingoja. Siku za soko alikwenda kutazama watu wanavyouza na kununua, akafurahi.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wapata 1,500 walikuwa sokoni, na wengi walikuwa wanawake. Walileta samaki, chumvi, mihogo, kuku na vyungu. Mara watu watatu wenye bunduki, wafuasi wa mfanya biashara mmoja kutoka pwani, walianza kubishana juu ya bei ya kuku, kisha wakawapiga watu risasi. Watu wakatupa vitu vyao, wakakimbilia mitumbwi. Mitumbwi ikajaa, mingine ikazama. Wengi walijitupa majini wakichukuliwa na mto, na bunduki zilikuwa zikilia bado. Wenye bunduki wenyewe walikadiria kwamba waliokufa siku ile ni kati ya 330 na 400.

Livingstone aliyaona hayo kwa macho yake. Hakuweza kukaa Nyangwe tena. Alirudi Ujiji, mgonjwa na mwenye huzuni. Huko, mwishoni mwa mwaka ule, Stanley alimkuta, akampa chakula na dawa. Stanley aliporudi Ulaya mwaka 1872 alichukua barua za Livingstone, na habari za Nyangwe zilijulikana katika nchi nyingi. Watu wakakasirika, wakaitaka serikali ya Uingereza iizuie biashara ile.

Livingstone mwenyewe hakurudi kwao. Alikwenda tena kusini, akitafuta chemchemi za mto. Mvua zilikuwa nyingi, na ugonjwa wa tumbo ulimmaliza nguvu, hata akabebwa na watu wake. Mwanzoni mwa mwezi wa Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, watu wake waliingia kibandani kabla ya mapambazuko, wakamkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Amekufa.

Basi, wafanye nini? Bwana wao amekufa, pwani ni mbali sana, na katika nchi nyingi watu waliogopa maiti ipite kwao. Wangaliweza kumzika palepale na kwenda zao, wala hakuna ambaye angaliwalaumu. Lakini Susi na Chuma, ambao walikuwa naye miaka mingi, walishauriana na wenzao, wakakata shauri kumrudisha kwa ndugu zake.

Waliutoa moyo wake, wakauweka katika sanduku la bati na kuuzika chini ya mti mkubwa. Jacob Wainwright, kijana aliyekuwa ameokolewa utumwani na kusomeshwa India, alisoma sala za maziko, kisha akachora jina la Livingstone katika mti. Hilo ndilo kaburi la kwanza. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakaufunga kwa nguo na ganda la mti. Ndipo wakaanza safari.

Safari ile ilikuwa ya miezi tisa hivi na ya kilomita zipatazo 1,600. Wengine walikufa njiani. Karibu na Tabora ofisa mmoja wa Kiingereza aliwashauri wamzike huko, wakakataa. Mbele kidogo, watu wa nchi walikataza maiti isipite. Basi wakatengeneza mzigo wa mabua, wakaufunga kama maiti, wakawatuma wenzao waurudishe nyuma watu wote wakiona. Mwili wenyewe waliufunga kama robota la nguo, wakapita nao salama.

Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo. Huko palikuwa na misioni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wakikomboa watumwa na kuwatunza. Mapadri hawakuuliza kwanza kama marehemu alikuwa wa dini yao. Waliupokea mwili, wakaulaza katika kanisa lao. Kutoka hapo ulipelekwa Unguja, kisha kwa meli hata Uingereza.

Huko Ulaya watu waliuliza: Je, kweli huyu ndiye? Mganga mkubwa akautazama mkono wa kushoto, akauona ule mfupa uliovunjwa na simba. Ndipo wakasadiki.

Tarehe 18 Aprili 1874 alizikwa London, katika kanisa la Westminster. Kanisa hilo zamani lilikuwa la watawa wa Mtakatifu Benedikto. Humo mna kaburi la Mtakatifu Edwardi, mfalme, na makaburi ya wafalme wengi na watu wenye elimu. Jacob Wainwright alikuwa mmoja wa wale waliolisindikiza jeneza. Susi na Chuma hawakuwapo siku ile. Walifika Uingereza baadaye, mwaka uleule.

Wageni wa nchi zote huenda hata leo kulitazama kaburi hilo. Liko katikati ya kanisa, na juu yake pana jiwe jeusi. Maandishi ya jiwe hayaanzi na sifa za Livingstone. Yanawataja kwanza wale waaminifu waliomleta kwa nchi kavu na kwa bahari.

Livingstone alikufa pasipo kujua kama kazi yake ilikuwa na faida. Tarehe 5 Juni 1873, mwezi mmoja tu baada ya kufa kwake, Sultani wa Unguja alitia sahihi mapatano, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Kuzika wafu ni tendo la huruma, kama tujifunzavyo katika katekisimu. Watu wa Livingstone walilitenda kwa taabu kubwa, wasilazimishwe na mtu. Lakini wale waliokufa Nyangwe hawana kaburi wala jiwe, na majina yao hayakuandikwa. Mto uliwachukua, na mto huo ndio unaopita hapa Kindu. Basi mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu wetu, tuwaombee na hao.

Maswali
1. Kwa nini watu wa Nyangwe hawakumpa Livingstone mitumbwi?
2. Watu wake walifanya hila gani ili wapite na mwili?
3. Mganga wa Ulaya alimtambuaje Livingstone?
4. Nani aliyezikwa karibu na nyumbani kwenu, ambaye kaburi lake halitunzwi? Ninyi mwaweza kufanya nini?