Louis Leakey: Mtoto wa Misheni na Mababu wa Adamu

Kama ulipitia 8-4-4, hii unaikumbuka. Kidato cha kwanza, mwalimu wa CRE anafundisha kwamba Mungu aliumba mtu kwa mavumbi. Kengele inalia, anaingia wa Historia na kuchora ubaoni kiumbe aliyeinama, anainuka polepole kwa mamilioni ya miaka. Ukiuliza ukweli ni upi, unaambiwa uangalie ni mtihani wa somo gani. Basi unaandika Adamu huku, Homo habilis kule, unapata alama zako, maisha yanasonga.

Sasa sikia. Mmoja wa wanasayansi watatu waliompa Homo habilis jina hilo mwaka wa 1964 alizaliwa hapa hapa Kabete, ndani ya nyumba ya wamishonari. Anaitwa Louis Leakey.

Alizaliwa Agosti 1903. Babake, Harry Leakey, alikuwa mhubiri wa Kianglikana aliyeshiriki kutafsiri Biblia kwa Kikuyu. Kwa hivyo Mwanzo sura ya kwanza huyu kijana aliinyonya na maziwa. Alikua akiongea Kikuyu kama wenyeji, akatahiriwa pamoja na rika lake, akajijengea hata kibanda chake.

Akiwa na miaka kama 12 hivi, alipata kitabu cha watoto kuhusu watu wa kale na zana zao za mawe. Akaanza kuokota mawe meusi yanayong'aa kama chupa. Wenyeji walisema ni nyembe za mizimu zilizoshuka na mvua. Nyumbani hawakuyachukulia kwa uzito. Lakini Arthur Loveridge, msimamizi wa makumbusho ya Nairobi, aliyakagua mawe yale moja moja na kumwambia kweli, mengine ni zana za watu wa kale. Hebu fikiria, mtu mzima mmoja tu aliyejibu swali la mtoto badala ya kumnyamazisha. Shuleni wangapi tulipata huyo?

Na mpango wake bado ulikuwa kuwa mmishonari kama babake! Akaenda Cambridge, akagongwa kichwa kwenye raga, daktari akamwamuru apumzike masomo. Mapumziko yenyewe akaenda kuchimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, Tanganyika, mwaka wa 1924. Hapo injili ikapoteza mhubiri.

Wakubwa wa taaluma yake wengi waliamini mwanadamu alianzia Asia. Leakey alishikilia ni Afrika. Mwaka wa 1934 alichapisha kitabu alichokiita Adam's Ancestors, yaani mababu wa Adamu. Mtoto wa mchungaji anaandika hivyo, si mchezo. Lakini hakuwa anamtukana babake. Mpaka uzeeni alishikilia kwamba haoni ugomvi kati ya Mungu muumba na mageuko, ingawa kanisani hakuwa mtu wa kuonekana sana.

Malaika hakuwa. Alimwacha mkewe wa kwanza, Frida, na wakati wa Mau Mau alifanya kazi upande wa serikali ya kikoloni, hata akawa mkalimani kwenye kesi ya Kenyatta kule Kapenguria. Hayo pia ni historia, usiyaruke.

Halafu ule ugunduzi mkubwa wenyewe hata si wake. Julai 17, 1959, kule Olduvai, Louis alikuwa kambini amelazwa na homa. Mkewe wa pili, Mary, ndiye aliyeliona fuvu la kiumbe wa miaka kama milioni 1.75. Dunia ikampigia makofi mzee.

Louis alifariki London mwaka wa 1972, akazikwa Limuru, karibu na wazazi wake wamishonari.

Mwaka wa 2006 baadhi ya viongozi wa makanisa ya kiinjilisti hapa Kenya walipinga makumbusho kuonyesha visukuku kama Mvulana wa Turkana, yule aliyepatikana mwaka wa 1984 na Kamoya Kimeu, aliyefanya kazi na Richard, mwana wa Louis. Walihofia watoto watapotoshwa. Binafsi naona mtoto anapotoshwa zaidi akipewa majibu mawili na kukatazwa kuyaweka meza moja. Visukuku havikufichwa. Nenda ujionee, na ukifika tafuta sanamu ya mzee Leakey: ameketi, jiwe mkononi.