Burkitt: Pauni 25 zilizofichua saratani ya watoto

MWAKA wa 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya, juu na chini, kulia na kushoto. Wiki chache baadaye akamwona mwingine mjini Jinja. Kisu hakikufaa kitu: uvimbe ulirudi na watoto wakafa kwa maumivu.

Mzaliwa huyo wa Enniskillen, Ireland, mwaka wa 1911, aliyepoteza jicho moja utotoni, hakuwa na maabara wala mfadhili mkubwa. Ruzuku yake ya kwanza ilikuwa pauni 25. Alizitumia kuziuliza hospitali za Afrika kwa barua iwapo zimeuona ugonjwa huo.

Mwaka wa 1961, yeye na wenzake wawili walinunua gari kuukuu kwa pauni 250, wakasafiri kilomita 16,000 kwa wiki 10 hadi Afrika Kusini. Ikabainika kwamba maradhi hayo hufuata joto, mvua na malaria. Anayeteremka kutoka baridi ya mashamba ya chai ya Meru na Embu hadi joto la Tharaka na Mbeere ataufahamu mpaka huo.

Mwaka wa 1964, watafiti wa London walitangaza virusi waliyoipata katika uvimbe wa watoto wa Uganda. Dawa za saratani nazo ziliwaponya wengi.

Burkitt alifariki mwaka wa 1993. Tiba ipo, lakini mtoto anayecheleweshwa nyumbani kwa kukosa nauli bado hufa.