Fannie Lou Hamer na viti viwili alivyovikataa

Fannie Lou Hamer alizaliwa mwaka 1917 huko Mississippi, Marekani, kitinda mimba kati ya watoto 20 wa wakulima weusi waliolima pamba kwa kugawana mavuno na mwenye shamba. Alikuwa Mbaptisti, na nyimbo za ibada aliwaimbisha wenzake hata gerezani.

Tarehe 31 Agosti 1962 alikwenda Indianola pamoja na wenzake 17 kujiandikisha kupiga kura. Alitakiwa kufafanua kifungu cha katiba, mtihani uliokusudiwa kumshinda mtu mweusi. Alishindwa; tena akafukuzwa shambani alikotumika miaka 18. Mwezi Juni 1963, katika mahabusu ya Winona, alipigwa kwa amri ya polisi, akabaki na madhara ya figo.

Kwa kuwa chama cha Democratic cha Mississippi kiliwafungia weusi mlango, mwaka 1964 yeye na wenzake waliunda chama chao, wakaenda Atlantic City kudai viti katika mkutano mkuu wa taifa. Alipokuwa akitoa ushahidi, Rais Lyndon Johnson aliitisha wanahabari ghafla ili kamera zimwache mama huyo. Hatimaye walipewa viti viwili, na wa kuvikalia wakateuliwa na wakubwa wa chama. Baadhi ya watetezi mashuhuri wa haki za raia walishauri vipokelewe. Hamer alikataa, nami naona alikuwa sahihi: anayechaguliwa mwakilishi na mwingine bado hajapiga kura.

Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilitiwa saini mwaka 1965. Mwaka 1968, huko Chicago, Hamer aliketi akiwa mjumbe halali, na ukumbi ukasimama kumshangilia. Alifariki dunia tarehe 14 Machi 1977.