Eratosthenes na Chekeche la Namba

Mvua inyeshapo Kimisagara, hapa mjini Kigali, maji hushuka kwa mkondo wa Mpazi hadi mto Nyabugogo, yakaingia Nyabarongo, kisha Akagera na Ziwa Viktoria, na mwishowe yakafuata mto Nili hadi bahari ya Mediterania. Huko, karibu na mwisho wa safari ya maji yetu, umo mji wa Alexandria, alikoishi mtu tunayemkumbuka leo: Eratosthenes.

Alizaliwa mnamo mwaka 276 kabla ya Kristo katika mji wa Cyrene, ambao magofu yake yamo nchini Libya. Alisoma Athens, ndipo Mfalme Ptolemy wa Tatu akamwita Misri kuitunza maktaba kuu ya Alexandria. Alikuwa mshairi, mnajimu na bingwa wa jiografia. Kwa kulinganisha vivuli vya jua la adhuhuri katika miji ya Syene na Alexandria, alikadiria mzingo wa dunia nzima. Hata hivyo wenziwe walimpachika jina la Beta, herufi ya pili, kwa maana katika kila elimu walimhesabu kuwa wa pili.

Lakini liko jambo lililodumu kwa jina lake, nalo ni chekeche. Tuandike namba kuanzia 2 hadi 100. Tubakize 2, tufute kila namba nyingine igawanyikayo kwa 2; tufanye vivyo hivyo kwa 3, kwa 5 na kwa 7. Zitakazosalia ni 25. Hizo ndizo namba tasa, zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe.

Sasa tutazame nafasi zilizo baina yao. Kutoka 3 hadi 5 ni 2. Kutoka 7 hadi 11 ni 4. Kutoka 23 hadi 29 ni 6. Kutoka 89 hadi 97 ni 8. Twadhani tumeipata kanuni, mara 101 na 103 zinakaribiana tena kwa 2, na kutoka 113 hadi 127 pana 14. Kadiri tuendavyo mbele nafasi hupanuka kwa wastani, lakini pacha wa tofauti ya 2 huzuka tena. Je, pacha hao wana mwisho? Hakuna aliyethibitisha. Mwaka 2013 Yitang Zhang, Mchina aliyekuwa akifundisha Marekani, alithibitisha kwamba nafasi zisizozidi milioni 70 hujirudia bila kikomo. Mwaka 2014 wataalamu wengine waliishusha hesabu hiyo hadi 246. Kutoka hapo hadi 2, njia ingali imefungwa.

Inasimuliwa kuwa uzeeni Eratosthenes alipofuka, na kwa kuwa hakuweza tena kusoma, alijinyima chakula akafariki mnamo mwaka 194 kabla ya Kristo. Maandishi yake juu ya chekeche hayakutufikia. Twalijua kupitia wengine, akiwamo Nicomachus. Hata hivyo mtoto wa Kimisagara mwenye kalamu na karatasi aweza kuirudia kazi hiyo kwa jioni moja, akakutana na fumbo lile lile ambalo mabingwa wa leo hawajalifumbua.