Karen Blixen: Aliyeijua lugha ya mvinyo akafa kwa kukosa lishe

MISHENI ya Kikatoliki ya St Austin's, katika mtaa unaojulikana leo kama Lavington, jijini Nairobi, ilianzishwa mwaka wa 1899 na mapadri wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mapadri hao walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kupanda mibuni viungani mwa Nairobi, na hadi leo ipo aina ya kahawa inayobeba jina la misheni ya Wafaransa. Kando na kahawa, walikuwa na desturi nyingine iliyowapendeza majirani. Jumapili, baada ya Misa, walimkaribisha mgeni katika ukumbi wao wa kulia wakammiminia glasi ya mvinyo.

Mmoja wa wageni hao alikuwa mwanamke kutoka Denmark aliyefika kwa farasi kutoka shamba lake lililokuwa karibu na vilima vya Ngong. Alipenda safari yenyewe, na alipenda kupata nafasi ya kuzungumza Kifaransa. Mapadri, wenye ndevu nyingi na masikio makali zaidi, walijua habari za kila pembe ya koloni, na mezani pale walizidi kuzichota kwa upole. Mgeni huyo alikuwa Karen Blixen, ambaye ulimwengu ungekuja kumtambua kwa kitabu chake kuhusu Kenya, Out of Africa.

Blixen alizaliwa Rungsted, Denmark, mnamo Aprili 17, 1885. Aliwasili Mombasa Januari 1914 na kufunga ndoa papo hapo na Bror von Blixen-Finecke, kabaila kutoka Uswidi. Wawili hao walianza kilimo cha kahawa nje ya Nairobi kwa fedha za jamaa zao. Shamba lilikuwa na takriban ekari 6,000, ambapo ekari 600 zilipandwa mibuni. Hata hivyo, mwinuko wa eneo hilo ulikuwa mkubwa mno kwa zao hilo, na faida iliyotarajiwa haikupatikana. Ndoa nayo ilivunjika rasmi mwaka wa 1925.

Licha ya madeni, meza yake ilisifika. Kakake, Thomas, aliishi naye shambani mapema katika miaka ya 1920, na mama yake alisafiri kutoka Denmark kumtembelea. Lakini jamaa wa karibu zaidi wa meza hiyo walikuwa marafiki wawili, Berkeley Cole na Denys Finch Hatton. Wao ndio walioijaza nyumba mvinyo mzuri, vitabu na sahani za santuri kutoka Ulaya. Cole, aliyefariki mwaka wa 1925, alikuwa na mazoea ya kunywa chupa ya shampeni msituni kila siku saa tano asubuhi alipokuwa mgeni shambani. Wakati mmoja, alipokuwa akiaga, alilalamika kwamba alipewa glasi duni. Mwenyeji wake alijitetea kuwa zile nzuri zilikuwa zimebaki chache na zingevunjika njiani. Hata hivyo, tangu siku hiyo, glasi bora za nyumba zilibebwa hadi chini ya miti.

Pengine jambo hilo litaonekana kuwa la anasa tupu. Kwa wapenzi wa mvinyo, hata hivyo, glasi, pua na ulimi ndizo nyenzo za elimu yao. Ndiyo maana katika nyumba nyingi duniani upo mchezo wa kuonja bila kuona: chupa hufunikwa kitambaa au hutiwa katika mfuko wa karatasi, jamaa wakaketi mezani, kila mmoja akanusa, akaonja, kisha akataja anachodhani amekunywa. Nia ni kuiondoa chupa heshima ya jina na bei. Mnamo Mei 24, 1976, mjini Paris, waonjaji mashuhuri wa Ufaransa walifanya hivyo na kujikuta wameupa ushindi mvinyo wa California badala ya ule wa kwao. Kizuri chajiuza, hata kikifichwa jina.

Katika nyumba ya Blixen, aliyedhihirisha ukweli huo zaidi ya wageni wote hakuwa mnywaji wa mvinyo. Alikuwa mpishi, Kamante Gatura. Blixen alimkuta akiwa mtoto wa Kikuyu mwenye vidonda vibaya miguuni, akampeleka katika hospitali ya misheni ya Waskoti alikotibiwa. Baadaye alimwingiza jikoni na kumfunza mapishi ambayo yeye mwenyewe alikuwa amejifunza Ulaya kwa mpishi Mfaransa.

Kamante hakujua kusoma wala kuandika, hivyo mapishi yote aliyahifadhi kichwani. Alivipa vyakula majina ya matukio yaliyotokea siku alipofunzwa kuvipika, kama vile radi iliyopiga mti au farasi aliyekufa. Vyakula hivyo vya Kizungu havikumvutia. Alivionja kwa nadra, na kwa uso wa mashaka, kisha akarudia mahindi na viazi vitamu vya kwao. Lakini mchuzi wake ulipata sifa kutoka kwa mrithi wa ufalme wa Uingereza, Edward, alipokula katika nyumba hiyo mwaka wa 1928. Miezi mingi ilipita kabla ya Kamante kuuliza, kana kwamba jambo hilo ndilo kwanza limemjia, iwapo mwana wa mfalme aliufurahia.

Haki inadai isemwe kwamba meza hiyo haikuwa ya wote. Ardhi iliyoizunguka ilikuwa imetwaliwa na serikali ya kikoloni, na familia za Wakikuyu zilizoishi humo zilitakiwa kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka. Sheria za ukoloni zilimzuia Mwafrika kunywa pombe za Kizungu. Farah Aden, Msomali aliyekuwa msimamizi wa nyumba na mshauri mkuu wa Blixen, alikuwa Mwislamu na hakunywa. Hivyo, waliowezesha karamu hawakuwa miongoni mwa walioketi. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Detained cha mwaka wa 1981, alimkashifu Blixen kwa kumlinganisha mpishi huyo na mbwa aliyestaarabika. Shutuma hiyo haiwezi kufutwa na uzuri wa nathari yake.

Mwaka wa 1931 ulimwondolea Blixen kila kitu. Shamba liliuzwa. Mnamo Mei 14, ndege ya Finch Hatton ilianguka Voi na kumuua, akazikwa katika vilima vya Ngong. Kabla ya kuondoka, Blixen aliwabisha maafisa wa serikali mlango kwa mlango hadi familia zilizokuwa shambani zikaahidiwa ardhi ya kuishi pamoja katika hifadhi ya msitu wa Dagoretti. Kisha alirejea kwa mama yake akiwa na umri wa miaka 46, bila mali wala kazi. Huko alianza kuandika kwa jina la Isak Dinesen, akachapisha Seven Gothic Tales mwaka wa 1934 na Out of Africa mwaka wa 1937.

Miaka 19 baada ya kuondoka Kenya, mwaka wa 1950, alichapisha hadithi kuhusu mpishi Mfaransa, Babette, anayekimbilia Norway na kuajiriwa na dada wawili wacha Mungu. Babette anashinda faranga 10,000 katika bahati nasibu na kuzitumia zote kwa mlo mmoja wa watu 12. Wazee wa kijiji wamekubaliana wasitaje chakula hata kidogo, na shampeni wanaidhania kuwa sharubati. Ni jenerali mmoja tu, mgeni asiyejua aliye jikoni, anayeonja na kushtuka, akaitambua amontillado, kisha Veuve Clicquot ya mwaka wa 1860. Ulimi wake unamrudisha Paris, alikowahi kula mapishi ya aina hiyo. Msomaji wa Kenya ataona humo kivuli cha jikoni nyingine, na cha mpishi mwingine ambaye waliokula hawakumwona.

Wakati huo, mwandishi mwenyewe alikuwa hawezi tena kufurahia mlo kama huo. Mwaka mmoja tu baada ya ndoa yake, alikuwa ametibiwa kaswende kwa zebaki na aseniki, sumu zilizotumika kama dawa siku hizo. Maumivu ya tumbo yalimwandama maisha yake yote, na katikati ya miaka ya 1950 alifanyiwa upasuaji na kuondolewa sehemu ya tumbo. Alipozuru Marekani mwaka wa 1959, mwandishi Carson McCullers alimwandalia chakula nyumbani kwake, pamoja na mwigizaji Marilyn Monroe na mumewe, Arthur Miller. Aliandaliwa alichoweza kula: chaza, zabibu nyeupe na shampeni.

Karen Blixen aliaga dunia Septemba 7, 1962, katika nyumba alimozaliwa, akiwa na umri wa miaka 77. Mwili wake ulikuwa umekonda kwa kukosa lishe. Nyumba yake ya Nairobi, ambayo serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya baada ya uhuru, ni makavazi tangu mwaka wa 1986. Watalii huonyeshwa chumba cha kulia na meza iliyoandaliwa, kisha huelekezwa jikoni, alikofanya kazi Kamante.