Franco Luambo

François Luambo Makiadi, anayejulikana zaidi kwa jina la Franco (6 Julai 1938 – 12 Oktoba 1989), alikuwa mpiga gitaa, mwimbaji na mtunzi wa nyimbo kutoka nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Aliongoza bendi ya OK Jazz, baadaye TPOK Jazz, hadi kifo chake.

Maisha ya awali

Alizaliwa Sona-Bata, wakati wa Kongo ya Kibelgiji, akakulia Léopoldville (leo Kinshasa). Baba yake, mfanyakazi wa reli, alifariki Franco akiwa bado mtoto. Mama yake aliuza maandazi sokoni, naye Franco alipiga muziki karibu na meza yake ili kuvuta wateja. Alijifunza gitaa kwa Paul Ebengo Dewayon, akaanza kurekodi mwaka 1953.

Muziki

Mwaka 1956 yeye na wenzake walianzisha OK Jazz. Nyimbo zake nyingi ni za Kilingala, nazo zinahusu maisha ya watu wa kawaida: ndoa, wivu, pesa na usaliti. Mario (1985), aliourekodi pamoja na Madilu System, unamhusu kijana msomi anayemtegemea mwanamke tajiri aliyemzidi umri. Ulipendwa sana hata Afrika Mashariki, na watu wasiojua Kilingala.

Uhusiano na serikali

Franco alitunga nyimbo za kumsifu Rais Mobutu Sese Seko, ukiwemo wa kumpigia kampeni mwaka 1984. Hata hivyo sifa hizo hazikumkinga: mwaka 1978 alifungwa gerezani kwa sababu ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi.

Kifo

Mwaka 1987, wakati UKIMWI ulikuwa bado unazungumzwa kwa kunong'onezana, alitoa wimbo mrefu wa Attention na SIDA. Ndani yake aliwahimiza vijana, wazazi, walimu, madaktari na viongozi wa dini kupambana na ugonjwa huo. Muda mfupi baadaye afya yake mwenyewe ilidhoofika, na uvumi ukaenea kuhusu maradhi yake.

Alifariki Namur, Ubelgiji, akiwa na umri wa miaka 51. Mwili wake ulirudishwa Kinshasa kwa mazishi. Serikali ilitangaza siku nne za maombolezo ya kitaifa, na redio ya taifa ikapiga nyimbo zake. Wapenzi wa rumba humkumbuka kila tarehe 12 Oktoba.